Daftari la Wadi ya Saba

Wahenga walinena: mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Methali hii ni ya watu wa majahazi na maduka, waliojua kwamba mkono usioandika leo utabishana kesho. Lakini lipo daftari jingine ambalo mali yake si pishi za karafuu wala majora ya nguo, bali ni watu wenyewe: nani anaishi wapi, anafanya kazi gani, chumba anakilipia kodi kiasi gani, na watoto wake wangapi amewazika. Daftari la namna hii huitwa takwimu. Mpenzi wa ushairi huenda akaliona kavu, halina vina wala mizani. Hata hivyo, katika historia ya watu wachache na wanyonge, kurasa zake zimewahi kuhukumu na zimewahi kutetea, na tofauti baina ya mawili hayo imetegemea nani alishika kalamu na alibisha hodi milango gani.

Kisa kinacholidhihirisha jambo hili ni cha W.E.B. Du Bois, mwanachuoni Mmarekani mweusi aliyezaliwa tarehe 23 Februari 1868 katika mji mdogo wa Great Barrington, Massachusetts, na kufariki Accra, Ghana, tarehe 27 Agosti 1963. Wengi wetu tunamjua kwa Umajumui wa Kiafrika na makongamano yake. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya siasa hizo alikuwa mfano wa karani wa sensa: alikwenda nyumba hadi nyumba, karatasi mkononi, akiuliza na kuandika.

Ili tuupime uzito wa kazi yake, sharti tuanze na hesabu alizozikuta. Taifa la Marekani lilizaliwa na hesabu mkononi. Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 iliagiza watu wahesabiwe kila baada ya miaka 10 ili ijulikane kila jimbo litapata wawakilishi wangapi. Na katika hesabu hiyo, watumwa watano walihesabiwa kuwa ni watu watatu. Watumwa hao hawakuwa na kura. Miili yao ilihesabiwa ili mabwana zao waongezewe viti. Kwa hivyo tangu sensa ya kwanza ya mwaka 1790, mtu mweusi aliingia daftarini kwa faida ya mwingine.

Likaja jambo baya zaidi. Sensa ya mwaka 1840 ilijaribu kwa mara ya kwanza kuwahesabu wendawazimu, na majedwali yake yakaonyesha ajabu: watu weusi walio huru katika majimbo ya Kaskazini walionekana kurukwa na akili kwa wingi usio na mfano, ilhali watumwa wa Kusini walionekana wazima. Katika jimbo la Maine, kwa mujibu wa majedwali hayo, mtu mweusi 1 katika kila 14 alikuwa mwendawazimu. John C. Calhoun, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 1844 na mtetezi mkubwa wa utumwa, alizichukua tarakimu hizo na kumwandikia balozi wa Uingereza kwamba uhuru ndio unaowatia watu weusi wazimu.

Daktari mmoja wa Massachusetts, Edward Jarvis, alizifungua karatasi na kuzisoma mstari kwa mstari. Akakuta miji iliyoandikiwa wendawazimu weusi ilhali humo hamna mkaazi mweusi hata mmoja. Akakuta mji wa Worcester umeandikiwa wendawazimu weusi 133, nao kumbe ni wagonjwa weupe wa hospitali ya mji huo, waliotiwa katika safu isiyo yao. Naye James McCune Smith, daktari mweusi wa New York aliyelazimika kwenda Glasgow kusoma udaktari kwa sababu vyuo vya kwao vilimfungia milango, aliandika kwa niaba ya watu weusi wa mji wake kuliomba Bunge lirekebishe kosa hilo. Sensa haikurekebishwa. Tarakimu za uongo ziliendelea kunukuliwa kwa miaka mingi.

Sisi wa visiwani hatupaswi kulistaajabia jambo hili kupita kiasi. Katika sensa ya kikoloni ya mwaka 1924, maelfu ya wakaazi wa Zanzibar waliandikwa kuwa ni Waswahili. Katika sensa ya mwaka 1931 Waswahili hao wakawa wachache mno. Na ilipofika sensa ya mwaka 1948, wenyeji wengi waliandikwa kuwa ni Washirazi. Watu hawakuhama wala hawakufa. Kilichobadilika ni majina ya safu na faida au hasara ya kusimama katika safu moja badala ya nyingine. Anayechora mistari ya daftari amekwisha kusema nusu ya neno kabla hajauliza swali.

Turudi Marekani. Mwaka 1896 Frederick L. Hoffman, mtakwimu wa kampuni ya bima ya Prudential, alichapisha kitabu kinene kuhusu watu weusi. Kampuni hiyo ilikuwa tangu mwaka 1881 ikiwalipa wateja weusi mafao pungufu kwa ada ileile waliyolipa weupe. Hoffman alikusanya idadi ya vifo, ya kifua kikuu na ya wafungwa, akahitimisha kwamba ugonjwa uko katika damu ya mtu mweusi na kwamba kizazi chake kinaelekea kutoweka. Kitabu kilijaa majedwali, na kwa hivyo kikaaminiwa. Kelly Miller, profesa mweusi wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Howard, alikijibu mwaka 1897. Du Bois alikijibu mwaka huohuo, akaonyesha kwamba ipo miji ya Ulaya, ya watu weupe watupu, ambayo vifo vyake vilikuwa sawa na hivyo au zaidi. Ikiwa Mzungu maskini hufa kama mtu mweusi maskini, basi dalili inaelekeza kwenye umaskini, na damu haina kesi ya kujibu.

Lakini kumjibu mtu ni jambo moja. Kuandika daftari jipya ni jambo jingine. Nafasi ya hilo la pili ilikwisha kumfikia Du Bois. Kiangazi cha mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 28, aliitwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania kuwachunguza watu weusi wa Philadelphia. Alikuwa amesoma Berlin kwa wachumi walioamini kwamba jamii huchunguzwa kwa ushahidi uliokusanywa mmoja mmoja, na mwaka 1895 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya Harvard. Pamoja na elimu hiyo yote, chuo kilimpa cheo cha msaidizi na mshahara wa dola 900 kwa mwaka, bila ya darasa la kufundisha. Baadaye aliandika kwamba wakubwa wa mji walikuwa wamekwisha kuamua kuwa donda la Philadelphia ni watu weusi, na walichokitaka ni mtu wa kulithibitisha hilo kwa elimu.

Yeye na mkewe Nina, waliokuwa wamefunga ndoa mwaka huohuo, walipanga chumba kimoja juu ya mkahawa katika Wadi ya Saba, mahala penye makaazi makongwe na makubwa ya watu weusi wa mji ule. Kutoka hapo alianza kubisha hodi. Hakuajiri makarani; alikwenda mwenyewe. Alitayarisha karatasi za maswali za namna sita: ya familia, ya mtu binafsi, ya nyumba, ya mtaa, ya jumuiya na taasisi, na moja mahsusi kwa watumishi wa majumbani. Utumishi huo ulichunguzwa pia na Isabel Eaton, na ripoti yake ikatiwa mwisho wa kitabu. Du Bois alizifikia familia takriban 2,500, zenye watu weusi 9,675.

Si kila mlango uliofunguliwa kwa bashasha. Du Bois mwenyewe alikiri kwamba watu wa mtaa ule hawakupenda kuchunguzwa kama viumbe wa ajabu. Walikuwa na haki. Walikuwa wamekwisha kuandikwa mara nyingi, na kila walipoandikwa walitoka wakiwa wabaya zaidi. Jipya alilowaletea ni kwamba muulizaji alikuwa jirani yao: alipanda ngazi zilezile na kuvuta moshi uleule.

Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, *The Philadelphia Negro*, kilitoka mwaka 1899, na ramani za wadi zilizopakwa rangi, nyumba kwa nyumba, kwa daraja nne za maisha. Hapo peke yake palikuwa na hoja. Mji ulikuwa umezoea kusema “watu weusi” kama kwamba ni kitu kimoja. Ramani ikaonyesha mwalimu na mwizi, mzee wa kanisa na mlevi, wakiishi karibu mno kwa sababu hawakuruhusiwa kuishi mbali.

Kwa nini walisongamana? Daftari lilijibu. Wanaume wengi walikuwa vibarua na watumishi. Wanawake wengi zaidi walikuwa watumishi wa majumbani na madobi. Kazi hizo ziliwalazimisha kukaa karibu na majumba ya matajiri waliowaajiri. Wenye nyumba walijua kwamba mpangaji mweusi hana pa kwenda, wakampandishia kodi kwa vyumba duni. Ili aimudu kodi, mpangaji akamkaribisha mpangaji mwingine ndani. Chumba kikajaa, hewa ikawa nzito, kifua kikuu kikapata maskani. Kisha akaja mtakwimu wa bima, akahesabu waliokufa, akaandika kwamba tatizo ni kizazi chao. Du Bois aliifuata njia hiyo kinyumenyume, kutoka jeneza hadi mkataba wa kodi. Alilinganisha wadi na wadi akakuta kwamba katika wadi chafu na yenye msongamano watu weusi walikufa kwa kiwango zaidi ya mara mbili ya wenzao wa wadi yenye nyumba nzuri na mitaa safi. Watu ni walewale. Nyumba ndizo zilizotofautiana.

Aliuliza pia kazi zimekwenda wapi. Mwanzoni mwa karne ya 19, watu weusi wa Philadelphia walikuwa mabingwa wa upishi wa karamu. Robert Bogle aliufungua mlango huo, na baadaye Thomas Dorsey, Henry Jones na Henry Minton wakawa na majina yaliyoheshimiwa katika mji mzima. Lakini vikaja mitaji mikubwa na ladha mpya, wakaja pia wahamiaji kutoka Ulaya walioingia katika kazi za mikono, na vyama vya mafundi vikawafungia watu weusi nje. Uvivu unaosemwa ulikuwa na historia, na historia hiyo ina tarehe.

Wala hakuridhika na jumla. Pembeni ya majedwali aliweka visa. Mmoja ni cha kijana mweusi aliyehitimu uhandisi wa mitambo katika chuo kilekile cha Pennsylvania. Alipata kazi kwa sifa zake. Ilipogunduliwa rangi yake, akafukuzwa baada ya saa chache. Du Bois alimkuta akiwa mhudumu wa meza katika klabu ya wahitimu, akiwaandalia chakula wenziwe weupe aliosoma nao. Tarakimu ya wahudumu wa meza humhesabu kijana huyu kuwa ni 1. Kisa chake ndicho kinachotueleza ndani ya moja hiyo mna nini.

Haifai kumsifu bila ya mizani. Du Bois wa miaka ile alikuwa na ukali wa mwalimu wa maadili. Watu wa daraja la chini kabisa aliwaandika kwa maneno ambayo leo hayapendezi kusomwa, na alitarajia mno kwamba wasomi wachache watauvuta umma uliobaki. Sura yake ya mwisho inagawa wajibu pande mbili, wa weusi na wa weupe, na wapo walioona kwamba mgao huo haukuwa wa haki kwa asiye na funguo za mlango. Lakini hata mkosoaji wake hutumia ushahidi alioukusanya yeye, na hiyo ni alama ya daftari lililoandikwa kwa uaminifu: linaweza kumpinga mwandishi wake.

Hakuwa peke yake. Ida B. Wells, mwandishi wa magazeti aliyezaliwa utumwani mwaka 1862, alishaonyesha mwaka 1895 katika kijitabu chake *The Red Record* namna ya kuifanya hesabu iseme. Marafiki zake watatu, wenye duka la vyakula huko Memphis, waliuawa na kundi la watu bila ya hukumu mwaka 1892. Ilisemwa kila mahala kwamba wanaouawa hivyo ni wabakaji. Wells alichukua orodha za gazeti la watu weupe, *Chicago Tribune*, akahesabu: waliotuhumiwa ubakaji, achilia mbali kupatikana na hatia, hawakufika hata thuluthi. Alichagua takwimu za upande wa pili ili pasiwe na wa kusema kwamba amezitunga.

Mwaka 1897 Du Bois alihamia Chuo Kikuu cha Atlanta, na huko akaendesha hadi mwaka 1910 mfululizo wa uchunguzi wa kila mwaka kuhusu afya, biashara, shule, makanisa na mafundi weusi. Kwa Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900, yeye na wanafunzi wake walichora kwa mkono michoro ipatayo 60, kwa wino na rangi nyekundu, kijani na dhahabu, mengine ikizunguka kama konokono. Mmoja ulionyesha ardhi iliyomilikiwa na watu weusi wa Georgia: ekari 338,769 mwaka 1874, ekari 1,062,223 mwaka 1899. Watu waliotabiriwa kutoweka walikuwa wakinunua mashamba. Nauli ilikuwa haba, akasafiri katika daraja la chini kabisa la meli ili akaisimamishe michoro ile. Naye akatunukiwa medali ya dhahabu.

Hata hivyo, katikati ya ushindi huu imani yake ilikwisha kupata ufa. Mwezi Aprili 1899 mkulima mweusi aliyeitwa Sam Hose aliuawa na kuchomwa moto na kundi la watu karibu na Newnan, Georgia. Du Bois aliandika barua yenye hoja zilizopimwa, akatoka kwa miguu kuipeleka gazetini. Njiani akaambiwa kwamba vifundo vya vidole vya Hose vimewekwa hadharani katika duka la vyakula, mbele kidogo katika njia ileile aliyokuwa akiipita. Akageuka akarudi nyumbani. Mwezi uliofuata, mwanawe Burghardt, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, alikufa kwa dondakoo. Mtu aliyekuwa akihesabu vifo vya watoto wa wenziwe akaongeza mmoja wa kwake.

Tangu hapo hakuamini tena kwamba ujinga ndio adui pekee, na kwamba watu wakishajua watatenda. Mwaka 1903 alitoa *The Souls of Black Folk*, kitabu ambacho kila sura yake inafunguliwa kwa beti na kwa noti za nyimbo za huzuni za watumwa, na sura moja ni maombolezo ya mtoto yule. Mpenzi wa ushairi atambue kwamba mkono ulioandika maombolezo hayo ndio uliochora majedwali. Hakuiacha hesabu, aliipa sauti, kwa sababu alikwisha kuona kwamba hesabu isiyo na msikilizaji haimwokoi mtu.

Ushahidi mkali zaidi wa hilo uko Lowndes, wilaya ya mashamba ya pamba huko Alabama. Mwaka 1906 serikali kuu, kupitia idara yake ya kazi, ilimwagiza Du Bois aichunguze. Yeye na wasaidizi wake walikwenda nyumba kwa nyumba, wakaandika madeni ya wakulima, mikataba ya mashamba, mavuno na familia. Ripoti ikakabidhiwa. Haikuchapishwa. Alipoulizia, akaambiwa kwamba inagusa mambo ya siasa. Kisha akaambiwa kwamba imeharibiwa. Mwaka 1910 aliondoka Atlanta kwenda New York kuhariri jarida la *The Crisis*, chombo cha chama cha kutetea haki kilichoanzishwa mwaka 1909.

Wilaya ya Lowndes haikwenda popote. Mwanzoni mwa mwaka 1965, takriban asilimia 80 ya wakaazi wake walikuwa weusi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesajiliwa kupiga kura. Vijana wa harakati za haki waliingia tena nyumba kwa nyumba, safari hii na fomu za usajili. Nusu karne baadaye, watafiti walipita huko kwa jambo jingine: ardhi ni ya mfinyanzi usiopitisha maji, mifumo ya maji machafu ni ghali, na nyumba nyingi za maskini humwaga vinyesi uani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 uliwapima watu 55, na 19 kati yao wakaonekana na alama za minyoo ya safura. Idadi ni ndogo na wataalamu wameibishania, lakini maji machafu uani hayakubishaniwa na mtu. Mwezi Mei 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifikia makubaliano na idara ya afya ya Alabama: wakaazi wasiadhibiwe kwa umaskini wao, na hali ya kila nyumba itathminiwe ili wasaidiwe. Mwezi Aprili 2025, serikali mpya mjini Washington iliyavunja makubaliano hayo.

Michoro ya Paris ingalipo, imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge huko Washington, rangi zake bado zinang’ara. Ripoti ya Lowndes ya mwaka 1906 haipo. Lau ingekuwapo, mkulima wa leo angeweza kuweka kidole juu ya jina la babu wa babu yake, asome alikuwa na deni gani, shamba lipi na kisima kipi, na aulize kwa nini bado anadaiwa. Daftari lao lilikuwapo. Aliyeliagiza ndiye aliyelipoteza, na mali ikapotea bila ya habari.